Luteni Tom Kettle: mkewe aliwekwa chini ya ulinzi na jeshi lile lile alilokuwa analitumikia

Kisima cha Kale (mleta mada)

Wakuu, salaam. Kwenye ule uzi wa Vita Kuu ya Kwanza kuna mdau aliandika kwamba Mwayalandi aliyevaa gwanda la Mwingereza mwaka 1916, Ayalandi ikiwa bado inatawaliwa na London, alikuwa kibaraka, basi, hakuna cha kujadili. Kumjibu kule ningechafua uzi wa watu. Nimefungua huu nimlete mtu mmoja pamoja na ukoo wake, halafu mseme wenyewe.

Jina lake Thomas Kettle, wengi walimwita Tom. Alizaliwa 1880 Artane, kaskazini mwa Dublin. Mzee wake, Andrew Kettle, alikuwa mkulima mwenye uwezo na mmoja wa waasisi wa Land League mwaka 1879, chama cha wakulima waliokodi ardhi na kukamuliwa na wenye mashamba. Kwa siasa hizo mzee alionja lupango. Tom kakulia nyumba ambayo kumpinga Mwingereza ni sawa na kula ugali.

Kijana alikuwa na kichwa. Sheria kasoma, ubunge wa East Tyrone kaupata 1906 akiwa na miaka 26, baadaye akawa profesa wa uchumi University College Dublin. Mdomo wake ulikuwa mkali, ukumbi mzima unacheka huku anayesemwa anatafuta pa kujificha. Udhaifu wake ulikuwa chupa, na hilo halikuwa siri mjini.

Septemba 1909 akamuoa Mary Sheehy. Hapa sasa ndipo mambo yanapoanza, kwa sababu Tom hakuoa mke tu, alioa ukoo wa Sheehy mzima.

Baba mkwe, David Sheehy, naye mbunge. Nyumba yao ya Belvedere Place ilikuwa kijiwe cha vijana wasomi wa Dublin. Hata James Joyce, yule mwandishi wa riwaya, akiwa mwanafunzi alikuwa anafika pale kuimba na kucheza michezo ya sebuleni. Mabinti wanne: Hanna, Margaret, Mary na Kathleen. Yashikeni haya majina, yote yana kazi mbele.

Naendelea baada ya chai.

---

Binti Mwambao

Nimeweka mkeka mbele kabisa. Shusha mkuu.

---

Chuma cha Pua

Mdau unayemsema ni mimi, na msimamo wangu uko pale pale. Lakini tiririka, nakusikiliza.

---

Kisima cha Kale

Karibu Chuma, nilijua utakuja.

Hanna, dada mkubwa, aliolewa 1903 na Francis Skeffington. Frank huyu alikuwa mtu wa aina yake. Alipooa alichukua jina la mke, mke naye akachukua la mume, wote wawili wakawa Sheehy-Skeffington. Mwaka ule! Hali nyama, havuti, hanywi, hataki vita ya aina yoyote, na anatembea mitaani na beji ya kudai kura kwa wanawake. Hanna mwenyewe alifungwa 1912 kwa kuvunja vioo vya madirisha ya serikali akidai kura hiyo hiyo.

Kwa hiyo Tom na Frank ni wanyumba, wameoa ndugu. Na ni marafiki tangu chuoni.

Ikaja 1914. Tom alikuwa mwanachama wa Irish Volunteers, wanamgambo walioanzishwa kulinda madai ya serikali ya madaraka ya ndani. Wakamtuma Ubelgiji kununua bunduki kwa siri. Akiwa kule, Wajerumani wakaivamia Ubelgiji. Tom akaacha ununuzi akageuka mwandishi wa habari wa gazeti la London, Daily News, akashuhudia miji inavyochomwa na raia wanavyokimbia na virago vyao. Akarudi Dublin ameshaamua kwamba Ujerumani lazima ipigwe.

Na kulikuwa na hesabu ya siasa. Sheria ya madaraka ya ndani ya Ayalandi ilipitishwa Septemba 1914, ikasainiwa, halafu ikawekwa kabatini mpaka vita viishe. John Redmond, kiongozi wa chama chao, akawaambia vijana waende vitani, Mwingereza hatakuwa na pa kukwepea baadaye. Waayalandi takriban 200,000 walivaa gwanda hilo katika vita vile. Wote hao tuwaite vibaraka?

Tom akaomba uofisa. Afya yake ilikuwa mbovu, kwanza hawakumpeleka mbele, wakamtumia kuzunguka na kuhutubia vijana wajiandikishe. Na wakati Tom yuko jukwaani anawaambia vijana nendeni, mwanyumba wake Frank yuko jukwaa jingine anawaambia msiende. Frank alifungwa 1915 kwa hotuba hizo, akagoma kula, wakamwachia.

---

Mzee Rashidi wa Kilwa

Mwanangu, hapo Sikukuu wanakaa meza moja hao?

---

Kisima cha Kale

Shikamoo mzee. Ndiyo, walikaa. Walibishana mpaka sauti zinakauka, lakini walikaa. Kilichokuja kuivunja meza ni wiki ya Pasaka ya 1916.

Jumatatu tarehe 24 Aprili waasi wakaiteka Posta Kuu ya Dublin na kutangaza jamhuri. Angalieni ukoo huu mmoja ulikuwa wapi wiki ile:

Padri Eugene Sheehy, baba mkubwa wa akina Hanna, mkongwe wa Land League, yuko NDANI ya Posta Kuu, kaja kuwapa waasi huduma za kiroho.

Hanna anapeleka chakula kwa waasi. Anaingia Posta Kuu anamkuta padri wao kasimama pale, kila mmoja anamshangaa mwenzake.

Kaka yao, naye anaitwa Eugene kama padri, ni ofisa wa jeshi la Mwingereza na yuko kwenye vikosi vilivyotumwa kuuzima uasi huo huo.

Laurence Kettle, ndugu yake Tom, kakamatwa na waasi na kuwekwa kizuizini kwenye jengo la Chuo cha Madaktari wa Upasuaji.

Na Frank, asiyetaka bunduki ya upande wowote, kaingia mtaani kutafuta raia wa kujitolea wazuie uporaji wa maduka.

---

Binti Mwambao

Subiri kwanza. Baba mkubwa ndani, mtoto wa mdogo wake nje na mizinga?? Hii familia walikuwa wanasali sala ipi?

---

Kisima cha Kale

Jumanne jioni, tarehe 25, Frank anarudi nyumbani kwa miguu. Alikuwa mtu maarufu, watu wanamfuata wanaita jina lake. Kwenye daraja la Portobello askari wakamkamata. Hana silaha wala kosa. Usiku huo kapteni mmoja wa Royal Irish Rifles, John Bowen-Colthurst, akamtoa na kumtembeza mitaani kama mateka, mikono imefungwa nyuma. Njiani kapteni akampiga risasi kijana aitwaye Coade, Frank anaangalia. Asubuhi ya tarehe 26 kapteni huyo huyo akawatoa Frank na waandishi wawili wa magazeti, Thomas Dickson na Patrick McIntyre, akawaweka ukutani kwenye ua wa kambi na kuamuru wapigwe risasi. Hakuna mashtaka, hakuna kesi. Wakazikwa humo humo kambini.

Hanna hajui kitu. Siku mbili nzima anauliza mji mzima mume wangu yuko wapi. Ijumaa dada zake wawili, Margaret na Mary, wakaenda kambini Portobello kuulizia. Mary, mke wa Luteni Kettle wa jeshi hilo hilo. Badala ya kujibiwa wakawekwa chini ya ulinzi, na aliyewahoji ni Bowen-Colthurst mwenyewe. Akawaambia hajui lolote kuhusu Skeffington, kisha wakasindikizwa mpaka nje ya geti.

Siku hiyo hiyo jioni askari wakavamia nyumba ya Hanna kusaka karatasi za kumtia marehemu hatiani. Mtoto wao Owen, hajatimiza miaka saba, yumo ndani anatazama bunduki zinavyoingia.

Na kuna kitu kidogo ambacho mimi hakinitoki kichwani. Ukuta wa kambi ulibaki na matundu ya risasi. Wakaita mafundi waashi, wakayang'oa yale matofali yaliyotobolewa na kuweka mapya. Aliyeyaibua yote ni ofisa mwingine wa kambi hiyo, Meja Francis Vane, aliyekataa kunyamaza, na jeshi likamlipa kwa kumwondoa kazini.

---

Chuma cha Pua

Sasa hapo hapo mkuu, umejifunga mwenyewe. Mwanyumba wako, rafiki yako wa chuo, kauawa kama kuku na jeshi unalolivalia gwanda. Mkeo kawekwa ndani. Wewe unafanya nini? Unavua gwanda unalitupa mto Liffey. Tom kafanya nini? KAENDA MBELE ZAIDI. Mimi nisimwite nani?

---

Mhenga Kijana

Chuma ana pointi, tusimzibe mdomo. Mleta mada jibu hilo bila kuzunguka.

---

Kisima cha Kale

Sizunguki.

Tom aliumia kweli kweli. Frank kauawa. Thomas MacDonagh, mhadhiri mwenzake pale chuoni, alikuwa miongoni mwa viongozi wa uasi, akanyongwa... hapana, alipigwa risasi tarehe 3 Mei, baada ya kesi ya kijeshi ya faragha. Tom aliona uasi wenyewe umeharibu ndoto yake ya Ayalandi huru iliyo ndani ya Ulaya, na aliona jinsi Mwingereza alivyouzima kumeharibu zaidi. Kuna maneno yake maarufu baada ya Pasaka: hawa waliouawa historia itawaita mashujaa na mashahidi, na mimi, kama nitakumbukwa kabisa, nitakumbukwa kama ofisa mlaaniwa wa Mwingereza tu. Alijua. Chuma, hilo unalomwita leo alishajiita mwenyewe, tena kwa neno kali kuliko lako.

Basi kwa nini alikwenda? Hapa natoa maoni yangu. Huyu mtu alisimama majukwaani mwaka mzima na zaidi kuwaambia watoto wa watu waende. Wakaenda. Wengine walikuwa tayari wamekufa. Kuvua gwanda baada ya hapo, yeye abaki Dublin na uprofesa wake, maana yake angewaacha huko aliowapeleka. Aliomba mara kwa mara apelekwe mbele, na Julai 1916 wakamkubalia, akapelekwa Ufaransa, batalioni ya 9 ya Royal Dublin Fusiliers. Alipofika alipewa nafasi ya kazi salama nyuma ya mstari, kukagua barua za askari. Akaikataa, akasema anabaki na vijana wake.

Nakubali si jibu la kumridhisha kila mtu. Mimi linanitosha nusu.

---

Sauti ya Gharika

Nusu nyingine tutaimalizia kijiweni 😂 Endelea, tulishafika Ufaransa.

---

Kisima cha Kale

Mwanzoni mwa Septemba 1916 Divisheni ya 16, ya Waayalandi, iko Somme, kaskazini mwa Ufaransa. Kazi yao ni vijiji viwili, Guillemont na Ginchy. Kwa takriban siku kumi divisheni hiyo ilipoteza zaidi ya watu 4,000, waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea.

Tarehe 4 Septemba, akiwa uwanjani mbele ya Guillemont, Tom akaandika shairi la mistari 14 kwa binti yake Betty, aliyekuwa na miaka mitatu. Anamwambia kwamba siku moja akiwa mkubwa na mzuri atauliza kwa nini baba alimwacha yeye, pamoja na ule moyo mpendwa uliokuwa kiti chake cha enzi cha utotoni, akaenda kucheza kamari na kifo. Na kwamba watatokea watu wa kumpa mashairi na sababu, wengine watasifu, wengine watabeza. Kisha anampa jibu lake mwenyewe: sisi wapumbavu, tulio sasa pamoja na wafu wapumbavu, hatukufia bendera, wala mfalme, wala kaisari, bali ndoto iliyozaliwa kwenye banda la wachungaji, na maandiko ya siri ya maskini.

Tarehe 8 akamwandikia ndugu yake kwamba yuko mtulivu ila ana hamu kubwa mno ya kuishi, na akinusurika atatumia maisha yake yote yaliyobaki kutafuta amani ya kudumu, kwa sababu sasa ameiona mizinga ya kisasa inavyowafanya watu wa kawaida.

Usiku huo walisogea mbele. Kando yake alikuwepo ofisa kijana wa miaka 18, Emmet Dalton, ambaye baadaye aliandika barua akaeleza. Njia ilijaa maiti, harufu haivumiliki, mpaka wote wawili wakachukua poda ya miguu, ile ya kuzuia fangasi na malengelenge, wakajipaka usoni. Wakachimba, wakakaa.

Tarehe 9, kwenye saa kumi na moja jioni, wakatoka mahandakini kuelekea Ginchy. Tom alikuwa amevaa fulana ya chuma ya kukinga risasi. Lakini alikuwa ameinama, na risasi ikapita juu ya ukingo wa ile fulana, ikaingia moyoni. Aliishi kama dakika moja, mkononi ameshika msalaba wa Dalton. Ofisa mwenzao, Boyd, akamtoa karatasi zote mifukoni amhifadhie mjane. Dakika chache baadaye kombora likamsambaratisha Boyd pamoja na karatasi hizo.

Miaka 36. Walimzika pale pale, na vita vikalifuta kaburi. Ginchy ilitekwa jioni ile.

Tarehe 22 Septemba, wiki mbili hazijatimia, mzee Andrew Kettle naye akafariki.

---

Mzee Rashidi wa Kilwa

Inna lillahi. Mzee kufuata mtoto haraka hivyo, tumeyaona. Huyo kijana Dalton alipona?

---

Kisima cha Kale

Alipona mzee, na alipewa nishani ya Military Cross kwa Ginchy. Halafu akarudi nyumbani akajiunga na IRA, jeshi la msituni lililopigania uhuru wa Ayalandi, akawa mkuu wa mafunzo, anawafundisha waasi mbinu alizofundishwa na Mwingereza. Tarehe 22 Agosti 1922 alikuwa kwenye msafara na Michael Collins, kiongozi wa mapambano hayo ya uhuru, pale Béal na Bláth, Collins alipouawa. Yaani mtu mmoja, kabla ya kutimiza miaka 25, amewashuhudia wote wawili, Kettle na Collins, wakifa.

Ndiyo maana nasema neno kibaraka halitoshi kwa kizazi kile. Dalton tumuite nani? Kibaraka wa 1916 na shujaa wa 1920?

---

Binti Mwambao

Mnaongelea wanaume tu. Mary na Betty waliishije? Na Hanna? Na huyo kapteni muuaji alinyongwa?

---

Kisima cha Kale

Swali zuri dada.

Kapteni: mahakama ya kijeshi Juni 1916 ilimkuta na hatia ila ikasema ana wazimu. Akapelekwa hospitali ya Broadmoor, hakumaliza hata miaka miwili, akaachiwa. Akahamia Kanada na pensheni yake, akafa mzee 1965. Na alikuwa Mwayalandi, mtu wa Cork. Chuma, hii nakupa bure uitumie.

Hanna: serikali ilimpa fidia ya pauni 10,000. Alikataa, alitaka uchunguzi wa wazi. Akaenda Marekani na mtoto wake, akazunguka akihutubia, na Januari 1918 akaonana na Rais Wilson. Mpaka kifo chake mwaka 1946 hakuwahi kupoa.

Mary: mwaka 1917 alitoa kitabu cha maandishi ya mumewe ya vitani na akamwandikia wasifu wa utangulizi. Ayalandi ya baada ya uhuru haikutaka kusikia habari za wajane wa maofisa wa Mwingereza, lakini yeye hakujifungia ndani. Akawa diwani wa Dublin, akaongoza kamati ya pamoja ya vyama vya wanawake, akapambana na sheria za kuwafukuza wanawake kazini wakiolewa, na 1937 alikuwa mstari wa mbele kupinga vifungu vya katiba mpya vilivyomfunga mwanamke jikoni. Alifariki 1967, zaidi ya miaka 50 ya ujane. Na dada hawa wawili, mmoja mjane wa aliyeuawa na jeshi, mwingine mjane wa aliyefia jeshi hilo, walifanya kazi hizo bega kwa bega. Mimi kwa kweli hawa ndio wanaonivutia kuliko Tom.

---

Mwana wa Likasi

Bandugu, jambo yenu. Ninawasoma toka Lubumbashi. Dada wa nne, Kathleen, mumemsahau? Mtoto wake sisi huku tunamujua.

---

Kisima cha Kale

Aaah, Likasi, umeniwahi! Nilikuwa naitunza ya mwisho. Haya, shusha wewe.

---

Mwana wa Likasi

Kathleen aliolewa na Cruise O'Brien. Mtoto wao Conor alizaliwa Novemba 1917, mwaka mmoja nyuma ya kifo cha Kettle. Mary ni mama mkubwa wake. Huyu Conor Cruise O'Brien ndiye mjumbe wa Umoja wa Mataifa katika Katanga mwaka 1961, wakati Katanga ya Tshombe ilikuwa imejitenga na Kongo. Hammarskjöld, katibu mukuu wa UN, alimutuma Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo.

Tarehe 13 Septemba 1961 asubuhi askari wa UN wakaanza operesheni ya Morthor. Mapigano makali yalikuwa wapi? Kwa posta na kwa redio. Bazee ya hapa banasemaka mpaka leo habari ya vita ya posta. Kumbe hata ukoo wake ulikuwa na posta yake.

Na kwetu Likasi, zamani Jadotville, siku hiyo hiyo askari wa Ayalandi zaidi ya 150 chini ya kamanda wao Quinlan walizungukwa. Walipigana siku tano mpaka maji na risasi ziliisha, wakatekwa, lakini hakuna hata mumoja aliyekufa. Mwaka wa mbele, Novemba 1960, kule Niemba karibu na Kalemie, wenzao tisa waliuawa na Baluba kwa mishale na marungu. Hao walikuwa na kofia ya UN, si ya Mwingereza.

---

Mhenga Kijana

Nimebaki mdomo wazi. Kutoka sebule ya Belvedere Place mpaka posta ya Lubumbashi, ukoo mmoja.

---

Chuma cha Pua

Sawa, uzi mzuri, sikatai. Hanna na Mary nawapa heshima zao zote. Kwa Tom bado nagoma. Mtu aliyejua historia itamwitaje na bado akaenda, hilo mimi naliita ukaidi wa msomi. Wale vijana wake wangeongozwa na luteni mwingine, Betty angebaki na baba. Kwani Dublin wenyewe walimsamehe?

---

Kisima cha Kale

Nusu nusu, kama mimi. Marafiki walimchongesha sanamu ya kichwa na mabega, kazi ya Albert Power, iwekwe bustani ya St Stephen's Green. Ikakaa miaka stoo kwa mabishano ya maneno ya kuandika chini yake, wakubwa wa idara ya majengo hawakutaka ionekane inasifu vita vya Mwingereza. Ikasimamishwa 1937 bila sherehe yoyote, na ile mistari mitatu ya shairi la Betty chini. Ufaransa jina lake liko kwenye mnara wa Thiepval pamoja na wengine zaidi ya 72,000 wasio na makaburi yanayojulikana.

Likasi, fungua uzi wa Jadotville na mzingiro wake, na ile kesi ya askari wale kuitwa waoga waliporudi kwao. Ukifungua nitag, nina mengi ya kuuliza kuhusu Quinlan.